Kugeuza banda la gari la nyumbani kuwa gereji: Mambo ya kuzingatia kabla ya kushika spana

KATIKA vitongoji vingi vya Dar es Salaam, kuanzia Tabata hadi Mbezi na Tegeta, si ajabu kuikuta nyumba yenye banda la gari lakini isiyo na gari. Mwenye nyumba alilijenga kwa matumaini, na miaka ikapita. Leo banda hilo limekuwa stoo ya magodoro ya zamani, mabaki ya mifuko ya saruji na baiskeli isiyo na mnyororo.

Wapo wanaolitazama banda hilo kwa jicho jingine. Yupo fundi aliyechoka kulipa pango la kiwanja cha wazi ambacho wakati wowote anaweza kuamriwa kukihama. Yupo mstaafu aliyetumia nusu ya umri wake katika karakana na bado mikono yake haijasahau kazi. Yupo pia kijana aliyehitimu mafunzo ya ufundi, ana cheti na sanduku la spana, lakini hana mtaji wa kupanga eneo.

Wazo la kuanzia nyumbani si geni. Mwaka 1896, Henry Ford alitengeneza gari lake la kwanza katika kibanda kilichokuwa nyuma ya nyumba aliyopanga mjini Detroit, Marekani. Lilipokamilika ilibainika kuwa gari ni pana kuliko mlango, naye akalazimika kuvunja sehemu ya ukuta kwa shoka ili lipate kutoka. Tutalirudia jambo hilo la vipimo baada ya muda mfupi.

Wengi wanaofikiria mradi huu huanza kwa kuorodhesha vifaa. Huko ni kuanzia mwisho. Tofauti kati ya banda la gari na gereji haipo katika spana. Banda hujengwa kwa ajili ya gari lililosimama, lililozimwa na kufungwa. Gereji hupokea gari lililonyanyuliwa, lililofunguliwa, linalovuja na wakati mwingine linalonguruma. Uzito uliokuwa umetawanyika kwenye magurudumu manne sasa hukaa juu ya vyuma vidogo. Vimiminika vilivyokuwa ndani hutoka nje. Hewa huchafuka. Mvuke wa petroli hutafuta cheche.

Na yote hayo hutokea hatua chache kutoka chumba wanacholala watoto. Kwa sababu hiyo, banda lenyewe ndilo la kutengenezwa kwanza, kabla ya gari la mteja wa kwanza.

Nafasi ya kufanyia kazi

Gari dogo la aina ya Toyota Corolla lina urefu wa takriban mita 4.4 na upana wa mita 1.7. Banda la mita 3 kwa 5 litalipokea bila taabu, lakini milango ikifunguliwa fundi hana pa kupita, na akilala chini ya gari miguu yake itakuwa ukutani. Ili mtu aweze kuzunguka gari akiwa na kifaa mkononi, panahitajika angalau mita moja kila upande, yaani eneo linalokaribia mita 3.7 kwa 6.4. Kwa gari kama Land Cruiser Prado, ongeza hapo.

Mabanda mengi hayafikii kipimo hicho. Njia rahisi si kubomoa, bali ni kuongeza paa la bati mbele ya banda na kuimwaga sakafu hadi nje. Kazi chafu na zenye moshi zikafanyika hapo nje, banda lenyewe likabaki kuwa mahali pa kutunzia vifaa na kufanyia kazi zinazohitaji utulivu, mathalani kufungua jenereta au kushughulikia nyaya za umeme wa gari.

Urefu wa paa nao una maana. Dari ya mita 2.4 inatosha kufungua boneti. Haitoshi kwa mashine ya kunyanyulia gari ya nguzo mbili, ambayo kwa kawaida huhitaji paa lililopita mita 3.5 pamoja na zege lililotayarishwa maalumu kupokea boliti zake. Anayefikiria kuifunga mashine hiyo siku za baadaye apime mapema, yasimkute ya Ford.

Sakafu ndiyo moyo wa gereji

Hapa ndipo mwandishi wa makala haya angemshauri mwenye banda kutumia sehemu kubwa ya fedha zake. Ua wa nyumba nyingi za Dar es Salaam umetandikwa matofali ya pevingi juu ya mchanga. Tofali hizo hustahimili gari linalopita, lakini hazistahimili jeki. Gari la kilo 1,200 likiegemezwa kwenye stendi nne, kila stendi hubeba wastani wa kilo 300, na zile za mbele hubeba zaidi kwa kuwa ndiko iliko injini. Uzito huo unashuka kupitia miguu myembamba ya chuma. Tofali moja likizama upande, stendi huinama, na gari hufuata.

Sakafu inayofaa ni zege la uwiano wa 1:2:4, yaani kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga na vinne vya kokoto, lenye unene wa sentimita 15 juu ya kifusi cha mawe kilichoshindiliwa vizuri. Wavu wa nondo nyembamba huzuia nyufa. Zege limwagiliwe maji kwa angalau siku saba, kwa kuwa jua la pwani hulikausha kabla halijakomaa, na ni busara kutonyanyua gari juu yake hadi zitimie siku 28.

Juu ya zege pigwe niru ili oili isinyonywe na sakafu, ila isiwe laini kiasi cha kumtelezesha anayetembea. Mteremko wa sentimita moja kwa kila mita unatosha kupeleka maji upande mmoja. Kwa kuwa sakafu ya namna hiyo haijalala sawasawa, magurudumu yanayobaki chini lazima yazuiwe kwa kabari kila gari linaponyanyuliwa.

Tukiwa bado kwenye suala la uzito, ipo tabia iliyozoeleka ambayo inapaswa kukoma. Ni ile ya kuegemeza gari juu ya tofali la saruji. Tofali hilo hubeba ukuta kwa sababu uzito wa ukuta umeenea sawasawa na hautikisiki. Likiwekwa chini ya chuma cha gari hupasuka ghafla bila kutoa dalili. Jeki nayo ni ya kunyanyulia tu. Mpira wake wa ndani ukiachia oili, gari hushuka, na aliye chini hapati muda wa kujivuta.

Je, lichimbwe shimo? Mafundi wengi wanapenda shimo la kukagulia kwa kuwa ni rahisi kulitengeneza na halihitaji umeme. Kwa gereji ya nyumbani, jibu letu ni hapana. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutiririka na kutuama ndani ya shimo, na taa ya kawaida ikidondoka na kupasuka humo huweza kuuwasha. Katika maeneo ya chini jijini, maji ya ardhini nayo hulijaza shimo hilo msimu wa masika. Zaidi ya yote, nyumbani kuna watoto. Ngazi mbili imara za chuma ambazo gari hupandishwa kwa magurudumu yake hutosha kwa kazi nyingi za chini, na jioni hufungiwa stoo.

Oili chafu na kisima cha jirani

Injini ya gari dogo hubeba oili kati ya lita tatu na tano. Tuchukue gereji inayomwaga oili ya magari matano kwa siku, kila gari lita nne. Hizo ni lita 20, na pipa la lita 200 litajaa katika siku kumi za kazi. Anayefungua gereji bila kujua pipa hilo litakwenda wapi siku ya kumi na moja bado hajajiandaa.

Wengi humwaga kwenye mtaro, au kwenye karo la nyumba. Oili ikiingia kwenye karo huua vijidudu vinavyomeng'enya uchafu, na karo huanza kujaa na kunuka kabla ya wakati wake. Ikimwagwa ardhini katika udongo wa kichanga, ambao umetapakaa katika sehemu kubwa ya Dar es Salaam, hushuka kuelekea kwenye maji. Kaya nyingi za jiji hili hutumia maji ya visima, na kisima hicho huenda kiko upande wa pili wa ukuta.

Oili iliyotumika si ile iliyomiminwa kutoka kwenye kopo jipya. Imebeba chembe za metali zilizosagika ndani ya injini, pamoja na masalia ya mafuta yaliyoungua, ambayo baadhi yake husababisha saratani. Desturi ya kuipaka kwenye mbao ili kuzuia mchwa imeenea, lakini mbao hizo zikiwa za kitanda au za banda la kuku, anayeigusa kila siku ni mwanafamilia.

Utaratibu mzuri si wa gharama kubwa. Oili ikingwe kwenye beseni pana, imiminwe kwenye pipa lenye mfuniko lililowekwa juu ya zege na kuzungushiwa ukingo mfupi wa tofali, kisha ikabidhiwe kwa mkusanyaji mwenye kibali. Filta zitobolewe na kuachwa zichuruzike kwa siku nzima kabla ya kutupwa. Maji ya kupozea injini yenye rangi ya kijani au nyekundu yahifadhiwe peke yake na mbali na watoto na mifugo, kwani mengi yana kemikali ya glikoli, ambayo ni sumu na ladha yake ni tamu.

Maji ya kuoshea sakafu nayo yasiende moja kwa moja nje. Mtego wa oili ni kisanduku cha zege chenye vyumba vitatu, na fundi yeyote wa ujenzi anaweza kukijenga. Oili huelea juu ya maji. Kwa hiyo bomba linalotoka chumba kimoja kwenda kingine huchukua maji kutoka chini, na oili hubaki juu katika chumba cha kwanza ikisubiri kuchotwa. Mtego usiochotwa kwa miezi sita ni sawa na kutokuwa na mtego.

Hewa, cheche na umeme

Moshi wa injini ya petroli una gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na huua kwa kuchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Katika banda lililofungwa, injini inayonguruma huweza kuijaza hewa gesi hiyo kwa kiwango cha hatari ndani ya dakika chache. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, mambo ambayo fundi huyadhania kuwa ni njaa au uchovu.

Injini iwashwe nje. Ikibidi iwashwe ndani, bomba la moshi liunganishwe na mpira unaostahimili joto unaotoka hadi nje kabisa. Ukuta uwe na matundu ya hewa juu na chini, kwani si kila gesi hupanda. Katika nyumba ambazo banda limeungana na jiko kwa mlango wa ndani, mlango huo uzibwe kwa tofali. Mlango wa mbao hauzuii mvuke wa petroli kukutana na moto wa mtungi wa gesi. Pwani pia ina pepo zake: kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki na kusi kutoka kusini-mashariki, hivyo mwenye nyumba anaweza kujua mapema ni madirisha ya nani yatakayopokea moshi wake na katika miezi ipi.

Vumbi la breki lisipulizwe kwa hewa ya kompresa. Breki za magari ya zamani huweza kuwa na asibesto, na vumbi lake hudhuru mapafu baada ya miaka mingi. Kitambaa chenye maji kinatosha. Betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo huweza kulipuka ikifikia asilimia nne tu ya hewa, kwa hiyo ichajiwe palipo wazi, na chaja izimwe kabla ya kuondoa koleo zake.

Kuhusu kuchomelea, kanuni iliyo muhimu kupita zote ni kutochomelea tangi la petroli, hata likiwa tupu. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa limebaki na mvuke uliochanganyika na hewa.

Umeme wa nyumbani wa volti 230 unaweza kuendesha kompresa ndogo, chaja na taa. Lakini mota ya kompresa inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule inaotumia ikishashika mwendo, na waya wa ekstensheni uliopitishwa dirishani hauwezi kuuhimili kwa muda mrefu. Gereji iwe na njia yake kutoka kwenye bodi kuu, yenye swichi yake na kifaa cha kukata umeme unapovuja. Kazi hiyo ifanywe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Anayehitaji umeme wa fezi tatu atalazimika kuomba TANESCO.

Kizima moto cha unga kiwekwe karibu na mlango, si mwisho wa chumba ambako moto utamzuia mtu kukifikia. Ndoo ya mchanga mkavu iwe kando yake. Moto wa petroli usimwagiwe maji, kwani petroli huelea na kusambaa pamoja nayo. Namba ya dharura ya Zimamoto ni 114.

Vibali na masharti

Kiwanja cha makazi hakigeuki kuwa eneo la biashara kwa kutundika kibao getini. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, mabadiliko ya matumizi ya ardhi yanahitaji idhini ya mamlaka ya upangaji, ambayo kwa kawaida ni halmashauri. Hati miliki nayo hutaja matumizi ya kiwanja, na kukiuka masharti yake kunaweza kumletea mmiliki matatizo makubwa kuliko faida ya gereji. Aliyepanga nyumba apate ridhaa ya maandishi ya mwenye nyumba kabla ya kumwaga hata ndoo moja ya zege.

Hatua ya kwanza yenye manufaa ni kufika ofisi ya serikali ya mtaa na kwa ofisa mipango miji wa halmashauri, kuuliza eneo lenyewe limepangiwa nini. Jibu likiwa hapana, ni heri lipatikane kabla ya ujenzi. Baada ya hapo hufuata namba ya mlipakodi kutoka TRA, kusajili jina la biashara BRELA, na leseni ya biashara. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka sehemu za kazi zisajiliwe OSHA, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina mamlaka ya kukagua.

Fundi aliyejifunzia kazi mtaani bila cheti asikate tamaa. VETA ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Kuhusu wanagenzi, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na kumweka wa chini ya miaka 18 katika mazingira hatarishi. Gereji ni mazingira hatarishi, hata kama kijana huyo ni mpwa wako.

Bima pia itazamwe upya. Bima ya nyumba ya makazi kwa kawaida haikusudiwi kufidia hasara iliyotokana na biashara, wala gari la mteja lililoungua uani.

Kazi zipi zifanyike nyumbani

Vifaa ni sehemu nyepesi. Kwa magari ya Toyota, ambayo ndiyo mengi barabarani, spana za 10, 12, 14, 17 na 19 hufanya sehemu kubwa ya kazi, pamoja na ya 21 kwa nati za magurudumu. Ongeza jeki ya magurudumu, stendi nne, jiliwa, spana ya kipimo kwa ajili ya kukaza silinda hedi, na kifaa cha kusoma hitilafu za kompyuta ya gari. Mengine yatanunuliwa kadiri kazi inavyoyadai.

Lililo gumu ni kukataa kazi. Banda la nyumbani linafaa kwa sevisi, breki, mfumo wa upozaji, umeme wa gari na matengenezo ya kawaida ya injini. Kunyoosha bodi na kupiga rangi si kazi za kufanyia nyumbani. Nyundo na grainda husikika mtaa mzima, na rangi nyingi za magari zinazochanganywa na kigumisho hutoa isosianati, kemikali inayoweza kumsababishia pumu anayeivuta. Hata fundi mwenyewe huhitaji barakoa maalumu na chumba chenye feni za kutoa hewa. Mtoto wa jirani hana barakoa.

Majirani waelezwe saa za kazi kabla ya siku ya kufungua, na saa hizo ziheshimiwe. Magari ya wateja yasizibe njia.

Yapo pia magari yasiyoondoka. Kila anayepita Dar es Salaam ameyaona: hayana magurudumu, yameota majani, kioo cha nyuma kimejaa vumbi. Mteja alileta gari likafunguliwa, vipuri vikakosekana au fedha zikaisha, naye akatoweka. Katika kiwanja kikubwa gari la namna hiyo ni kero. Katika banda la mita 6, ni mwisho wa biashara, kwa sababu gereji ina nafasi moja tu ya kazi na nafasi hiyo imekaliwa.

Daftari husaidia. Siku gari linapoingia iandikwe namba yake ya usajili, kilomita zilizotembea, kiwango cha mafuta, vitu vilivyomo, kazi iliyokubaliwa, nani atanunua vipuri na tarehe ya mwisho ya kulichukua, kisha mwenye gari atie saini. Na gari ambalo fedha ya vipuri vyake haijapatikana lisifunguliwe hata boliti moja. Lirudi na mwenyewe, kwa magurudumu yake likiweza, kwa kamba likishindwa.